Amana ya Mpita Njia: Maadili na Hesabu katika Kuchangisha Barabarani

Kuchangisha barabarani ni kuomba fedha kwa ajili ya kazi ya dini au ya hisani mahali ambapo mwombaji na mtoaji hawajuani: stendi ya mabasi, mlango wa soko, foleni ya magari kwenye taa, kivukoni, ndani ya daladala au matatu. Fedha huombwa kwa ajili ya paa la msikiti, kisima cha madrasa, kanisa lililokwama kwenye linta, makao ya watoto yatima, futari ya Ramadhani, au matibabu ya mgonjwa ambaye jumuiya yake imeshindwa kumgharamia. Mengi ya mahitaji hayo ni ya kweli. Yako majengo ya ibada Afrika Mashariki ambayo kuta zake zimeinuliwa kwa noti ndogondogo za watu ambao hawajawahi kukanyaga ndani yake, na wengine hata si wa dini hiyo.

Kinachoutofautisha uchangishaji huu na sadaka ya ibadani ni kwamba mtoaji harudi. Ibadani, muumini anamjua mzee wa kanisa au mjumbe wa kamati ya msikiti. Husikia mapato yakisomwa Jumapili, au huona saruji ikishushwa baada ya sala ya Ijumaa. Asiporidhika husema mkutanoni, au huacha kutoa. Mpita njia hana nafasi hiyo. Anatoa shilingi mia tano akiwa na mguu mmoja ndani ya basi, na kwa upande wake jambo limekwisha: amempa Mungu. Nia hiyo njema ndiyo mwanya mkubwa wa udanganyifu, na ndiyo inayomfanya mpokeaji wa barabarani awe na mzigo mzito wa hesabu kuliko mpokeaji mwingine yeyote. Kwa kuwa hakuna atakayekuja kuuliza, taasisi inapaswa kujibu bila kuulizwa.

Wajibu huo umo ndani ya dini zenyewe, na ni wa zamani kuliko ofisi za ukaguzi za leo. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, mfalme Yoashi wa Yuda anaagiza fedha zinazoletwa hekaluni zitumike kukarabati mabomoko yake. Makuhani wakazipokea, lakini hadi mwaka wa 23 wa utawala wake ukarabati ulikuwa haujafanyika. Yoashi hakuwahubiria makuhani juu ya uaminifu, alibadili utaratibu. Kuhani Yehoyada alitwaa kasha, akalitoboa juu, akaliweka karibu na madhabahu. Kila lilipoonekana limejaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha hizo pamoja, kisha wakazikabidhi kwa wasimamizi wa mafundi. Kila mtu aliyewahi kutunza kisanduku cha michango atatambua kanuni zilizomo: fedha huingia kwa tundu na hazitoki kwa tundu, na wanaohesabu ni wawili kutoka ofisi mbili tofauti. Sura hiyohiyo inaeleza kwamba wasimamizi wa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu, na wapo viongozi wanaoichukua aya hiyo kama ruhusa ya kutohojiwa. Lakini wasimamizi wale walijulikana, na kazi yao ilionekana ukutani. Mwenye kisanduku stendi hana ukuta wa kuonyesha.

Mtume Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakutaka kuubeba peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba Tito anafuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili pasiwe na lawama juu ya fedha nyingi kiasi hicho, na anasisitiza kwamba uadilifu huo ni mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Katika Waraka wa Kwanza, sura ya 16, anawaachia watoaji wawaidhinishe wenyewe watakaoupeleka mchango wao.

Upande wa Uislamu, hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, inagusa jambo hasa linalotokea barabarani kila siku. Mtu huyo alitumwa na Mtume Muhammad kukusanya zaka za kabila la Banu Sulaym. Aliporudi alitenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata. Kipimo hicho kinatosha kuamua mambo mengi madogo yanayosumbua. Mwenye gari anaposhusha kioo, akatia noti moja kisandukuni na kumpa mchangishaji nyingine akisema “hii ya kwako, ya maji”, swali ni kama angempa noti hiyo asingekuwa ameshika kisanduku cha yatima. Jibu linajulikana, kwa hiyo noti zote mbili huingia kisandukuni, na maji na nauli ya mchangishaji hulipwa na taasisi kwa kumbukumbu iliyoandikwa.

Hadithi nyingine, ya Qabisa bin Mukhariq katika Sahihi Muslim, inataja watu watatu tu wanaoruhusiwa kuomba, na wa tatu ni yule aliyefikwa na ufukara ambao watu watatu wenye busara wa kwao wanaushuhudia. Shahada hiyo ya watu wa kwao ni ya thamani sana katika nyakati za nakala za rangi na mihuri ya kuchongesha. Barua yenye nembo inaweza kutengenezwa kwa dakika chache katika duka la stesheneri. Ni vigumu zaidi kuwatengeneza jirani watatu wa msikiti au kanisa linalotajwa, watakaopokea simu na kueleza jengo limefika wapi.

Maandalizi ya uchangishaji wenye maadili huanza kwenye kusudi. Ombi la “kusaidia kazi ya Mungu” halipimiki, na fedha zake zinaweza kwenda popote bila mtu kuonekana mwongo. Ombi la mabati 120 ya paa la madrasa fulani, kwa makadirio ya fundi yaliyosainiwa, linampa mtoaji kitu cha kwenda kukitazama. Kamati inayotuma watu barabarani inapaswa kuwa na muhtasari wa kikao unaotaja kazi moja, kiasi kinachotafutwa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Pasipo tarehe ya kumaliza, kisanduku hugeuka ajira ya kudumu ya mtu fulani.

Jina la fedha nalo lina uzito. Waislamu wanaotoa zaka wanatekeleza faradhi yenye wapokeaji wanane waliotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi wa madhehebu manne hawaoni kwamba ujenzi wa msikiti umo miongoni mwao. Mchangishaji wa ujenzi anayetangaza “toeni zaka zenu” mwishoni mwa Ramadhani anaweza kumfanya mtu adhani ametimiza faradhi ambayo bado inamdai. Anapaswa kusema sadaka, au mchango wa wakfu, kadiri ilivyo. Makanisa nayo hutenganisha fungu la kumi, shukrani na mchango wa jengo. Fedha ikishaombwa kwa jina moja, kuihamishia kazi nyingine ni kuvunja ahadi, hata kama kazi hiyo nyingine ni njema. Wakfu umejengwa juu ya msingi huohuo wa kuheshimu sharti la mtoaji, na si ajabu kwamba Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yaani chombo kizima cha serikali cha kusimamia mali za aina hiyo.

Vibali huchanganya wengi. Tanzania Bara, jumuiya za kidini husajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana sheria yake ya mwaka 2002. Na bodi za wadhamini husajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kenya, makanisa na jumuiya huwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sura ya 108, na kuchangisha hadharani kuna sheria yake ya zamani, Sura ya 106, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Usajili huthibitisha kwamba taasisi ipo. Hauthibitishi kwamba kijana aliyesimama Mbezi au Likoni na nakala ya cheti ametumwa nayo. Ndiyo maana kila mchangishaji anahitaji barua yake mwenyewe, yenye jina na picha yake, eneo atakalosimama, siku zinazohusika, na namba za simu za viongozi wawili wasio yeye. Serikali ya mtaa au ofisi ya chifu ipewe nakala kabla ya siku ya kwanza, na polisi wa eneo wajulishwe inapohusu barabara kuu. Makao ya watoto yanahitaji pia leseni ya mamlaka ya ustawi wa jamii, na makao yasiyo na leseni hayapaswi kuchangiwa hata senti. Tatizo lao ni kubwa kuliko fedha: kuna watoto ndani ambao hakuna anayewajibika kwao.

Kisanduku chenyewe kinastahili uangalifu. Jeshi la Wokovu, ambalo lina makanisa Kenya na Tanzania, lilianza desturi yake maarufu ya vyungu vya Krismasi mjini San Francisco mwaka 1891, Joseph McFee alipoweka chungu kivukoni ili wapita njia wachangie chakula cha maskini. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1916 iliziachia mamlaka za miji kutunga kanuni za makusanyo ya barabarani, na kanuni zilizozoeleka huko zinataka chombo kiwe kimefungwa kwa lakiri, kiwe na namba na jina la hisani, kifunguliwe mbele ya mtu wa pili, na hesabu ipelekwe kwa mamlaka iliyotoa kibali. Hakuna katika hayo kitu kinachozidi uwezo wa msikiti mdogo wa Tandika au kanisa la Kayole. Fundi seremala anaweza kutengeneza kisanduku cha mbao chenye kioo upande mmoja na kufuli mbili, ufunguo mmoja ukikaa kwa mweka hazina na mwingine kwa mjumbe asiye ndugu yake. Ndoo wazi, kapu, kofia na mfuko wa suruali havifai. Fedha inayopita mkononi mwa mtu kabla ya kuhesabiwa humweka mtu mwaminifu kwenye shaka asiyostahili, na humweka asiye mwaminifu kwenye kishawishi.

Daftari la michango lina hatari zake. Kuna desturi ya kuanza ukurasa kwa majina matatu au manne yenye viwango vikubwa, wakati mwingine ya watu wasiokuwepo, ili anayefuata aone haya kuandika elfu moja. Huo ni uongo uliopigiwa mstari na kalamu, na taasisi ya dini haiwezi kuutetea kwa matokeo yake. Tena daftari hubeba majina na namba za simu za watu, nalo hupita mkono kwa mkono sokoni. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Mtoaji aliyeandika namba yake apate stakabadhi hakukubali kuanza kutumiwa ujumbe wa maombi ya kulipia. Stakabadhi yenye namba mfululizo na nakala yake humlinda mtoaji zaidi, na humlinda mchangishaji pia siku atakapotuhumiwa.

Fedha kwa simu zimebadilisha kazi hii kuliko kitu kingine chochote tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Zinaacha alama, na hilo ni jema. Shida ni namba inayotumika. Namba binafsi ya mchangishaji, hata awe mcha Mungu kiasi gani, huchanganya sadaka na maisha yake. Akiwa na deni la mkopo wa simu, kama Fuliza au Songesha, mfumo hukata deni hilo mara fedha inapoingia, na mchango wa kisima unakuwa umelipa mkopo wa mtu kabla yeye mwenyewe hajajua. Akifariki, salio huingia kwenye mirathi yake. Akibadilisha laini, watoaji hubaki wakituma kwa mtu asiyejulikana. Taasisi inayostahili kuchangiwa huwa na Lipa Namba, Paybill au Till yenye jina lake, au akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mtoaji asome jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Jina la mtu linapojitokeza mahali ambapo kibao kimeandikwa jina la kituo, ni busara kusitisha muamala na kuuliza.

Ujira wa wachangishaji ndilo jambo ambalo taasisi nyingi hulificha, na huku kulificha ndiko kosa la kwanza. Kulipwa kwa kazi ya kukusanya si dhambi. Aya ileile ya At-Tawba inawataja wanaozitumikia zaka miongoni mwa wapokeaji wake, na madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, humpa mtumishi huyo ujira unaolingana na kazi yake, kinachozidi kikirudi kwa wanaostahili. Hapo pana mizani nzuri: malipo yapo, yanajulikana, na hayafuati wingi wa fedha zilizopatikana. Posho ya siku inayotosha nauli na chakula, iliyoandikwa kwenye muhtasari wa kamati na kulipwa kutoka mfuko wa uendeshaji, inakidhi mizani hiyo.

Malipo ya asilimia huivunja. Mtu anayepata theluthi ya kila noti ana sababu ya kuganda dirishani, kumfuata bibi mpaka getini, kumlilia mpita njia kwa hadithi iliyoongezwa chumvi. Huruma ya watu inakuwa mtaji wake. Mtindo mbaya zaidi ni wa kupeleka hesabu kama dereva wa daladala kwa tajiri wake: mchangishaji huipa taasisi kiasi kilichopangwa kwa siku na kubaki na ziada yote. Taasisi inayokubali mpango huo imekodisha jina la Mungu, na haijui wala haitaki kujua ni kiasi gani kimekusanywa kwa jina lake. Ikiwa kwa sababu yoyote sehemu ya mchango inamlipa mkusanyaji, mtoaji aambiwe kabla hajatoa. Mwenye kutoa shilingi elfu moja akiamini zote zinakwenda kwenye uji wa watoto, huku mia nne zikiishia kwa aliyezipokea, amedanganywa hata kama hakuna aliyetamka neno la uongo.

Lugha ya kuomba nayo ina mipaka. Mchangishaji anaweza kueleza hitaji, akataja thawabu za kutoa kama dini yake inavyofundisha, akashukuru na kunyamaza. Hana haki ya kumtisha asiyetoa kwa laana, ajali au ugonjwa, wala kuahidi kwamba atakayetoa elfu kumi atapata kazi kabla ya mwezi kwisha. Vitisho vya namna hiyo huwapata zaidi walio na hofu tayari: mjane, mgonjwa, mwanamke anayetafuta mtoto. Watu hao mara nyingi hutoa fedha ya dawa. Ndani ya basi adabu inahitajika maradufu, kwa sababu abiria hawezi kuondoka. Aombwe ruhusa kondakta na abiria wenyewe, maelezo yawe mafupi, na kisanduku kipitishwe mara moja bila kusimama mbele ya mtu kungoja. Abiria wa imani nyingine aachwe kwa heshima, na akichangia kwa hiari yake ashukuriwe sawa na wengine. Kwenye taa za barabarani kuna hatari ya kugongwa, na hakuna paa la msikiti linalostahili mguu wa mtu.

Watoto wasitumwe kuchangisha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2022 zote zinamlinda mtoto dhidi ya kazi za kinyonyaji, na kusimama juani na kisanduku tangu asubuhi ni kazi. Senegal imeonyesha jambo hili linaweza kufika wapi. Huko wanafunzi wa baadhi ya madrasa hutumwa mitaani kuomba na kumrudishia mwalimu kiasi alichowapangia. Nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 2005 dhidi ya wanaowaombesha wengine kwa faida yao, na bado ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2010 ilikadiria kwamba watoto wasiopungua 50,000 walikuwa katika hali hiyo. Wengi wa wazazi wao waliwatoa kwa nia ya kuwafundisha dini. Hata pale ambapo mtoto hatumwi mwenyewe, picha yake akiwa na kamasi na nguo zilizochanika kwenye bango la stendi inamfuata utu uzima. Picha ya jengo, kitanda au sufuria ya jikoni hueleza hitaji vya kutosha.

Jioni ya siku ya makusanyo ndiyo saa ya ukweli. Visanduku hufunguliwa siku hiyohiyo, mahali penye mwanga, mbele ya watu wasiopungua wawili ambao hawakuvibeba na ambao si wa nyumba moja. Kila kisanduku kina mstari wake kwenye karatasi: namba yake, aliyekibeba, mahali, noti ngapi za kila aina, sarafu, jumla. Kama kisanduku namba 4 kimekutwa na shilingi 86,500, huandikwa 86,500, na posho ya elfu tano haikatwi humo kwanza ikaandikwa 81,500. Kukata kabla ya kuandika ndiko kunakoua hesabu, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtu anayeweza kujua kilichoingia. Wote waliohesabu hutia saini, aliyebeba kisanduku hutia ya kwake, na fedha nzima hupelekwa benki siku ya kazi inayofuata. Baada ya wiki chache karatasi hizo huanza kusema zenyewe. Kisanduku kinacholeta nusu ya vingine katika eneo lilelile, kila mara kikiwa mkononi mwa mtu yuleyule, kinahitaji maswali ya upole na mabadiliko ya zamu kabla ya lawama.

Taarifa kwa watoaji ndipo uchangishaji mwingi wa Afrika Mashariki unapoanguka, hata wa watu wema. Fedha ilikusanywa Ubungo, taarifa ikasomwa kijijini mbele ya waumini thelathini, na waliotoa hawakusikia lolote. Taarifa inapaswa kurudi mahali fedha ilipotoka. Karatasi moja ya maandishi makubwa, iliyobandikwa kwa ruhusa kwenye ubao wa stendi au soko na kusainiwa na kamati, inatosha: tulikusanya kiasi hiki kati ya tarehe hii na hii, gharama za kukusanya zilikuwa hizi, mabati yaliyonunuliwa ni haya, salio ni hili, jengo liko mahali hapa na mlango uko wazi. Waliotuma kwa simu wanaweza kutumiwa ujumbe mmoja wa kuwapa hesabu, usioomba tena. Mchangishaji anayerudi mwaka unaofuata mahali palepale na karatasi ya mwaka uliopita haombi imani kwa mikono mitupu.

Michango mikubwa ya wanasiasa ina mtego wake, maana hupokewa hadharani na huleta deni lisiloandikwa. Kenya ililiona hilo waziwazi mwaka 2024. Mwezi Julai, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki harambee, na Muswada wa Uchangishaji wa Umma ukafikishwa bungeni. Novemba mwaka huohuo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ya shilingi ambayo Rais mwenyewe alikuwa ametoa katika kanisa moja la Kayole, likaeleza kwamba yatarudishwa. Parokia ile ilikuwa na nyumba ya mapadri ya kumaliza, na bado uamuzi ulikuwa sahihi: kanisa lililojengwa kwa fedha ya mtu mmoja hupata taabu kumwambia mtu huyo ukweli.

Mtoaji naye ana sehemu yake. Kuuliza hakumpunguzii thawabu, na kusema “leo sina” hakumfanyi mchoyo. Maswali machache yanatosha: kazi ni ipi na iko wapi, nani ametuma, fedha inahesabiwa na nani, namba ya kiongozi ni ipi. Mchangishaji wa kweli huyafurahia maswali hayo, kwa kuwa yanamtenga na matapeli. Anayekasirika au kukimbilia laana ameshajibu. Mwenye shaka anaweza kupiga simu kwa namba aliyoipata kwingine, mbali na ile iliyoandikwa kwenye barua, au kuitoa sadaka yake moja kwa moja kwa yatima wa mtaani kwake ambaye jina lake analijua.

Shaka ikithibitika, hatua zake ziwe za sheria. Kumpigia mtu kelele za mwizi stendi kumewahi kuua watu wasio na hatia katika miji yetu, na mwenye barua iliyochakaa si lazima awe tapeli. Mwenyekiti wa mtaa au chifu aitwe, polisi wapewe taarifa, na taasisi iliyotajwa ipigiwe simu. Taasisi ambayo jina lake limetumiwa vibaya, au ambayo mtu wake mwenyewe ameiba, inapaswa kulitangaza jambo hilo mapema kwa kinywa chake: kiasi gani, kipindi gani, na kitafidiwa vipi. Viongozi huogopa kwamba tangazo hilo litaichafua dini. Kinachoichafua ni watu kulijua jambo kwa fununu baada ya viongozi kulifunika.

Kazi iliyoombewa ikikamilika, kuchangisha husimama hata kama msimu ni mzuri na visanduku vinajaa. Visanduku hurudishwa na kuhesabiwa kimoja kimoja, barua za wachangishaji hukusanywa na kuchanwa, mabango hung’olewa, na watu wa stendi huambiwa kwamba anayekuja tena kwa jina hilo hajatumwa. Salio lililobaki hutumiwa kwa kazi iliyo karibu kabisa na ile ya kwanza, na karatasi ya ubaoni ilitaje. Kamati inayotaka kuendelea kwa kusudi jingine huanza upya: kikao kipya, makadirio mapya, kibali kipya, tarehe mpya ya kumaliza.